Joka Lenye Macho ya Ukungu

Joka la kwanza la Milembe lilimaliza vita vya Jumapili tatu kabla chai haijachemka.

Nyanjige alikuwapo. Alikuwa amekaa mkekani, mlangoni mwa chumba cha cherehani, akikata nyuzi za sare za shule ambazo mjukuu wake Milembe alikuwa amezishona wiki nzima. Mezani walikuwa wanne, kama ilivyokuwa kila Jumapili mchana: Milembe mwenyewe, ambaye ndiye msimulizi wa mchezo, Dastan, mwalimu wa hesabu, Shifa, ambaye baba yake ana duka la vyombo pale sokoni Bariadi, na Joakim, fundi pikipiki, ambaye hata akioga mara mbili kucha zake hubaki na grisi.

Mchezo wenyewe haukuwa wa karata wala wa bao. Milembe aliujulia chuoni Mwanza, akarudi nao nyumbani, akaugeuza wote kuwa wa Kiswahili. Kila mchezaji anashika mtu wake wa kubuni, aliyeandikwa kwenye karatasi: jina lake, kabila lake, nguvu zake na udhaifu wake. Msimulizi anaeleza njia, mto na adui. Wachezaji wanasema watu wao wanafanya nini. Penye shaka, mtu anatia mkono kwenye mfuko wa kitambaa wenye vizibo ishirini vya soda, vimeandikwa moja mpaka ishirini, anachomoa kimoja. Kikiwa kikubwa, umefaulu. Kikiwa kidogo, pole yako.

Makabila yalikuwa matatu: Binadamu, Vibete wa Mlimani, na Watu wa Miti. Jumapili ile Milembe akaongeza la nne, Majoka, akampa Joakim ajaribu.

Lilikuwa joka lenye mabawa, na lilitema moto. Joakim alilirusha juu ya ngome ya adui, akachomoa kizibo cha kumi na mbili, akaichoma ngome, akatua, akauliza, "Sasa?"

"Sasa nini?" Shifa alisema. Yeye alikuwa mganga wa Watu wa Miti, na mganga wake alikuwa bado anafunga mzigo. "Nimefunga duka nije hapa kumtazama Joakim akiruka? Tangu mwezi uliopita sijamtibu mtu hata kikohozi."

Joakim alicheka peke yake. Dastan akaweka kalamu chini, taratibu, kama anavyofanya darasani mtoto akikosea swali alilofundishwa jana.

"Milembe, ukiruhusu joka hili, hakuna atakayetaka kuwa kibete tena. Tutakuwa majoka sote watatu. Na majoka matatu hayana haja ya safari. Yanaruka, yanachoma, yanarudi kula."

"Nitalirekebisha."

"Utalirekebisha lini? Zimebaki siku nane tu, Jumatatu ya wiki ijayo kitabu kinakwenda kuchapwa."

Hilo lilikuwa kweli. Walimu wa Maswa walikuwa wamesikia habari za mchezo, wakaomba nakala thelathini kwa ajili ya klabu za shule zao. Kitabu kilikuwa tayari, ukurasa kwa ukurasa, isipokuwa ule wa kumi na nne, wa majoka.

"Tulijaribu leo," Dastan alisema. "Tujaribu Jumapili ijayo mara ya mwisho. Likiharibu mchezo tena, ukurasa wa kumi na nne unang'olewa. Mnaafiki?"

Waliafiki. Milembe naye aliafiki, ila alitazama chini, na Nyanjige aliona kwamba ameanza kuvuta uzi wa pindo la sketi yake mwenyewe. Mshonaji akianza kufumua nguo aliyoivaa, ujue moyo umemchafuka.

Walipoondoka, Nyanjige alimaliza kwanza sare mbili. Ndiyo tabia yake. Kisha akauliza, "Nani alikwambia joka lina mabawa?"

"Ndivyo yalivyo, bibi. Kwenye sinema zote."

"Hilo la kwenye sinema linakula nini?"

Milembe alifikiri. "Sijui."

"Linalala wapi?"

"Sijui, bibi."

"Basi hulijui. Umemleta mgeni mezani humjui hata chakula chake, halafu unashangaa akivunja vyombo."

Milembe akatabasamu, lakini macho yalikuwa yamelowa. "Mimi nililitaka kwa sababu ya babu," alisema. "Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wakisema, babu yako ndiye alikuwa na joka. Nikataka liwemo kwenye kitabu. Sikujua niliwekeje."

Nyanjige aliweka sare chini.

Shigela, mume wake, alikuwa muyeye, katika wale wacheza ngoma wa nyoka. Kule Ipililo alikuwa na chatu jike aliyeitwa Limi, mrefu kuliko mlango, na Nyanjige aliishi naye nyumba moja miaka tisa. Katika miaka hiyo, na hii mingi iliyofuata, watu walimuuliza mengi. Wa kanisani walimuuliza kama mumewe ana dawa za usiku. Wa sokoni walimuuliza kama ni kweli alimlisha chatu mbuzi mzima. Wengine walimuuliza kama hakuogopa kulala. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za chatu mwenyewe, yukoje, anapenda nini, anachukia nini. Naye, mtu asipoulizwa, hupika ugali akanyamaza.

"Chukua daftari," alisema.

Wiki ile yote, pasipokuwa na mteja, waliunda joka upya. Milembe alikaa kwenye cherehani na daftari pajani, Nyanjige mkekani na mkasi.

"Chatu hakimbizi," Nyanjige alisema. "Andika hivyo. Mbwa ndiye anayekimbiza. Chatu anachagua mahali, anakaa. Leo anakaa, kesho anakaa. Unaweza kufagia ukampita. Siku anapopiga, anapiga mara moja."

"Anasubiri muda gani?"

"Siku mbili. Hata nne."

"Bibi, tukisema siku nne Joakim atalala mezani."

"Basi tafuta namna yenu."

Namna ilipatikana Jumatano, kwa kibakuli na vifungo vya mashati. Kila zamu joka linapokaa kimya bila kufanya lolote, linatia kifungo kimoja kibakulini. Siku linapopiga, vifungo vyote vinaongezwa kwenye kizibo kitakachochomolewa. Walijaribu mezani, vifungo vyeupe vikiwa majoka, vyeusi vikiwa maadui. Mara ya kwanza joka lilikufa likisubiri. Mara ya pili lilisubiri mpaka maadui wakaenda zao, na Nyanjige akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, kwa sababu hata Limi aliwahi kufanya hivyo kwa kuku wa jirani.

Alhamisi Milembe akasema, "Likishapiga, kuna nini?"

Nyanjige aliacha mkasi.

"Kuna ukungu," alisema. "Chatu akikaribia kuvua gamba, macho yake yanageuka, kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Haoni. Hali. Anakuwa na hasira, kwa sababu anasikia dunia kwa tumbo na hajui nani ni nani. Siku hizo Shigela alimfunika kwa shuka, akafunga mlango, na ngoma haikupigwa karibu. Akitaka kumhamisha alimbeba kwa mikono miwili. Andika. Joka likishapiga, macho yanaingia ukungu. Haliendi popote mpaka mwenzake aje alishike."

"Zamu ngapi?"

"Limi alikaa siku saba. Nyinyi mna haraka. Andika tatu."

Milembe aliandika: *Ukungu wa zamu tatu, hauondoki wenyewe. Mwenza akiacha zamu yake na kulishika joka kwa mkono, zamu moja inapungua. Kila mkono unahesabiwa.* Akaisoma kwa sauti. Nyanjige akamwambia arudie, akairudia, na Nyanjige akarudi kwenye sare.

Jumapili ikafika. Shifa aliingia wa kwanza na chupa ya chai, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa nyumbani?"

"Wazima wote."

Joakim alifuata, akasalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, mume wangu. Umenijiaje mikono mitupu?"

"Mke wangu mkubwa, nimekuja na mapenzi."

"Mapenzi hayachanganyiki na michembe," alisema, akisogeza sahani ya viazi vitamu vilivyokaushwa. "Kaa."

Dastan alisalimia kwa adabu, akakaa, akafungua ukurasa wa kumi na nne, akausoma mara mbili. "Halina mabawa," alisema.

"Halina," Milembe alijibu.

"Na halitemi moto. Joakim, joka lako hili."

Joakim alivuta karatasi, akaitazama, akairudisha. "Hili si joka, hili ni mzee wa baraza. Mimi nabaki na kibete wangu mwenye shoka. Mpeni mwingine."

Shifa hakutaka kumwacha mganga wake. Dastan alikuwa na askari wake Binadamu, tena yeye ndiye hakimu wa jaribio la joka, hakimu hawezi kulicheza mwenyewe. Wakatazamana. Milembe naye ni msimulizi, na msimulizi haruhusiwi kucheza.

Nyanjige aliweka mkasi juu ya sare, akainuka akishika goti, akavuta kigoda mpaka mezani.

"Nipeni mimi," alisema.

Joakim alipiga kofi la furaha. Dastan alisogeza karatasi mbele yake, kwa heshima kabisa. "Bibi, utaweza kuisoma?"

"Niliishia la tatu, mwalimu. Namba nazijua. Maneno marefu nayaendea polepole, lakini hayajawahi kunikimbia."

Mchezo ukaanza. Msafara ulitakiwa kuvuka daraja la kamba, daraja lenye jitu la mawe linalolinda, kisha kuingia kwenye ngome ng'ambo na kutoa hazina kabla wenye ngome hawajarudi kutoka mawindoni.

"Zamu yako, bibi," Milembe alisema.

"Nasubiri." Kifungo kikalia kibakulini.

Joakim akalivamia jitu kwa shoka. Shifa akaandaa dawa. Dastan akazunguka kwa nyuma.

"Zamu yako, bibi."

"Nasubiri."

Zamu ya tatu alisubiri. Ya nne alisubiri. Kwenye ya tano, jitu lilimwinua kibete wa Joakim likamtupa mtoni, na Joakim, akiwa bado anasikitika, aligeuka. "Mke wangu, hilo joka lako limekufa?"

"Halijafa. Linakutazama unavyooga."

Shifa alicheka mpaka chai ikamwagika. Dastan hakucheka. "Juma lililopita joka lilikuwa na nguvu kupita kiasi," alisema. "Leo ni jiwe. Naona hatuna joka hapa, Milembe, tuna pa kuegemea."

Milembe alitazama kibakuli. Nyanjige naye alikuwa anatazama daraja, lile la mezani, lililoundwa kwa kamba ya kiatu, na alikuwa na utulivu aliokuwa nao shambani akisubiri mvua ya pamba: si utulivu wa aliyekata tamaa, ni wa mtu aliyekwisha kupanda.

Zamu ya saba, jitu lilimgeukia askari wa Dastan. Askari alikuwa na jeraha moja, la pili lingemmaliza. Jitu likaupa mgongo upande wa joka.

"Zamu yako, bibi."

"Sasa," Nyanjige alisema.

Alitia mkono kwenye mfuko, hakukoroga, akachomoa cha kwanza kilichomgusa kidole. Tisa. Kizibo cha hovyo hovyo tu. Jitu lilihitaji kumi na tano. Joakim alianza kusema pole, lakini Dastan alikuwa amekwisha kuhesabu vifungo kibakulini kwa macho.

"Sita," alisema. "Tisa na sita."

"Kumi na tano," Milembe alisema, na sauti ilimtetemeka. "Joka linatoka kwenye majani ambayo mmeyapita wote. Halipigi kelele. Linalizunguka jitu mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila jitu linapotoa pumzi, joka linakaza. Jitu linalegea. Mawe yanaanguka mtoni moja moja."

Joakim alijikuna kichwa. "Eh," alisema. "Hilo nimelipenda."

"Na macho ya joka," Milembe aliendelea, "yanaingia ukungu."

Nyanjige akafumba macho.

Ndipo fujo ilipoanza. Daraja lilikuwa wazi, ngome ng'ambo, wenye ngome wanarudi baada ya zamu nne, na joka, ambalo ndilo tegemeo la msafara, limesimama kichwani mwa daraja halioni. Dastan alisoma tena ukurasa, akagonga mstari kwa kalamu.

"Huu hapa ndio unaoharibu. Milembe, nisikilize, nakusaidia. Kusubiri kumekaa vizuri. Kupiga kumekaa vizuri. Hesabu imekubali, na mimi sikutegemea. Futa ukungu tu. Futa mstari huu mmoja, na nakubali joka leo hii, kesho unachapa."

"Hata mimi," Joakim alisema. "Bila ukungu nalichukua mimi mwenyewe."

Nyanjige, macho bado kafumba, alisikia kalamu ya Milembe ikiinuliwa. Aliijua sauti ya kalamu ile; kifuniko chake kilikuwa na ufa. Alijua pia mtoto huyu amelala kidogo wiki nzima, na kitu anachokitaka kiko umbali wa mstari mmoja. Akanyoosha mkono, akapapasa meza, akaufikia ukurasa, akaufunika kwa kiganja.

"Usifute," alisema.

"Bibi, watalikataa lote."

"Nimesikia. Ngojeni niwaambie jambo moja, kisha mfanye mtakavyo.

"Mwaka mmoja tulikwenda Nassa kwenye mashindano ya ngoma, baada ya mavuno. Mnajua ngoma zetu zinavyoamuliwa. Hakuna jaji wa kuandika alama. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, huku moja, kule moja, na watazamaji wanaamua kwa miguu. Ukipendeza wanahamia kwako. Ukichosha wanahama. Siku ile Limi alikuwa na ukungu machoni, siku ya pili. Shigela alimwacha kwenye kapu, amefunikwa. Akacheza bila yeye. Wenzetu wa upande wa pili walikuwa na vijana, wana majembe, wanarusha na kudaka. Watu wakaanza kuhama. Nikawaona wanahama kwa kumi, kwa ishirini. Na mume wangu naye akawaona.

"Akaenda kwenye kapu. Nilimwita, hakugeuka. Akamtoa Limi, akamvika shingoni, akaingia naye katikati ya ngoma. Limi haoni. Anasikia ngoma tu, tumboni. Akakamata kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni mkono wa kulia wa mtu aliyemlisha miaka tisa. Akauma, akajizungusha, akakaza. Wanaume watatu ndio waliomfumua."

Hakuna aliyegusa chai.

"Watu wote walirudi upande wetu kutazama damu. Tukashinda. Shigela alipewa ng'ombe dume, na tangu siku ile mpaka tunamzika alikula ugali kwa mkono wa kushoto, na wageni wakija alikula peke yake jikoni kwa aibu. Hakumlaumu chatu hata siku moja. Alisema, nilimwita kazini siku yake ya kutoona.

"Sasa nyinyi mnaniambia tufute siku yake ya kutoona ili mchezo uende haraka. Mkifuta, hilo si joka. Hiyo ni bunduki yenye mkia. Mimi sitaki iwe kwenye kitabu cha mjukuu wangu. Ng'oeni ukurasa wote, nitawashikia mkasi."

Aliondoa kiganja. Hakufumbua macho.

Kulikuwa na pikipiki nje, ikapita. Kisha Nyanjige akasikia kifuniko chenye ufa kikirudishwa kwenye kalamu.

"Ukungu unabaki," Milembe alisema. Sauti haikutetemeka safari hii. "Mkilikataa, mmelikataa hivyo hivyo lilivyo. Tumalizeni mchezo kwanza. Zamu ya nani?"

"Yangu," alisema Dastan. "Sawa. Navuka daraja, nakwenda ngomeni. Samahani, bibi. Sheria ni sheria."

"Nenda, mwalimu. Sijakushika."

Joakim naye alimtoa kibete wake mtoni, akamfuata mwalimu. Ikawa zamu ya Shifa.

"Mimi narudi kwa bibi," Shifa alisema.

"Unapoteza zamu," Dastan alimwonya.

"Zamu zangu nimezitumia wapi tangu mwezi uliopita, mwalimu? Kufunga mzigo na kufungua mzigo. Leo nimepata mgonjwa." Akavuta kigoda chake akazunguka meza, akaketi ubavuni mwa Nyanjige. "Joka, mimi mganga. Nipe mkono wako, nakuvusha."

Nyanjige alitoa mkono, Shifa akaushika, na zamu moja ya ukungu ikapungua.

Kule ngomeni mambo yalikuwa mabaya. Joakim alipiga lango kwa shoka, akachomoa kizibo cha tatu. Dastan akachomoa cha tano. Lango halikutikisika. Milembe, kwa kuwa msimulizi hana ndugu, aliwaambia kwamba vumbi limeanza kuonekana upande wa mawindoni: wenye ngome wanarudi, watafika zamu ya pili kutoka sasa.

Dastan alianza kuandika pembeni mwa karatasi. Aliandika, akafuta, akaandika.

"Kila mkono unahesabiwa," alisema polepole. "Ndivyo mlivyoandika?"

"Ndivyo," Milembe alisema.

"Kwa hiyo zimebaki zamu mbili. Shifa akishika tena, inabaki moja. Nami nikirudi nikashika, haibaki hata moja. Wenye ngome wakifika, joka linaona." Akapumua. "Narudi."

"Mwalimu," Joakim alisema, "umefika mlangoni pa hazina."

"Nafanya hesabu, Joakim. Sifanyi huruma."

Akainuka, na kigoda chake mkononi maana chumba ni chembamba, akapita nyuma ya cherehani, akakaa upande wa pili wa Nyanjige. "Askari ananyoosha mkono," alisema, akimaanisha askari wa kwenye karatasi. Lakini Nyanjige, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kufumba macho si lazima, alikuwa amekwisha kuinua wake hewani, anapapasa. Ikabidi Dastan aushike kweli. Mkono wa mwalimu ulikuwa mkavu kwa chaki, na haukuachia haraka; upande wa pili Shifa naye alishika tena.

"Fumbua macho, bibi," Milembe alisema. "Ukungu umeondoka."

Nyanjige alifumbua. Mwanga ulimchoma kidogo. Huku alikuwapo Shifa, huku mwalimu, na ng'ambo ya meza Joakim yuko peke yake na kibete wake mbele ya lango, kama mtu aliyesahauliwa na gari.

"Jamani," Joakim alisema, "na mimi nitakaa huku na nani?" Akabeba kigoda akahama.

Chai ilikuwa imepoa kabisa, na hakuna aliyekuwa amekula hata mchembe mmoja. Milembe akafungua kitabu, ukurasa wa kumi na nne.

"Kabla hatujaendelea," alisema. "Nataka kujua. Unabaki au unang'olewa? Tuamue kama ngoma. Anayelitaka joka na ukungu wake, ahamie upande wa bibi."

Dastan alikohoa. "Mimi bado nina neno. Zamu tatu ni nyingi. Mbili zinatosha."

"Limi alikaa siku saba," Nyanjige alisema.

"Mbili na nusu."

"Mwalimu, nusu ya upofu ni nini?"

Dastan alijikuna kidevu kwa kalamu. "Tatu, basi. Lakini muandike wazi kwamba mwenye kulishika joka asipigwe na adui zamu hiyo, maana watoto watabishana." Akainuka kuhama, akageuka huku, akageuka huku, akitafuta upande wa bibi uko wapi.

"Kaa, mwalimu," Shifa alisema. "Ulikwisha kuhama zamani."

Joakim ndiye aliyecheka zaidi. Dastan alikaa, akajifunika uso kwa karatasi yake, na nyuma ya karatasi mabega yalikuwa yanatikisika.

Milembe aliandika sharti la mwalimu chini ya mstari wa ukungu, kwa mwandiko wake mdogo. Kisha akasogeza kitabu na kalamu mbele ya Nyanjige. Juu ya ukurasa palikuwa na nafasi tupu. Makabila mengine yote yalikuwa na majina yao, hili waliliita Majoka tu, jina lake lenyewe lilikuwa bado.

"Tuliite Watu wa Shigela?" Milembe aliuliza.

"Ili watoto wa Maswa wamuue mume wangu kila Jumapili? Hapana." Nyanjige alishika kalamu karibu na ncha, kama alivyofundishwa la kwanza, akaandika herufi moja moja, bila kuinua kichwa, na wote wanne wakangoja. Ilichukua muda. Alipomaliza aliusogeza ukurasa mbali kidogo ili aone vizuri: *Watu wa Limi*.

"Haya," alisema, akirudisha kalamu. "Wenye ngome wamefika?"

"Wamefika," Milembe alisema. "Wako ishirini, wana mikuki, wanapanda daraja. Zamu yako, bibi."

Nyanjige aliokota kifungo, akakitia kibakulini.

"Nasubiri."